Mjadala: Je, Nestorius alihukumiwa kwa haki kule Efeso mwaka 431?

Mleta mada

Wakuu, tumefundishwa katekisimu kwamba Nestorius, askofu wa Konstantinopoli, alikuwa mzushi na Mtaguso wa Efeso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukamwondoa. Hoja yangu ni kwamba kesi ile ilikuwa mbovu tangu mwanzo, bila kujali alichofundisha kuhusu Kristo na kuhusu kumwita Maria "Mama wa Mungu".

Kaizari Theodosius II aliitisha mtaguso ukutane Pentekoste, tarehe 7 Juni 431. Maaskofu wa upande wa Antiokia, waliompinga Cyril wa Aleksandria, wakiongozwa na Yohane wa Antiokia, walikuwa bado njiani. Wajumbe wa Papa Celestine walikuwa bado njiani. Tarehe 22 Juni Cyril, askofu wa Aleksandria na mshtaki wa Nestorius, akafungua kikao katika kanisa la Maria, ingawa maaskofu 68 walikuwa wamepinga kwa maandishi na Candidianus, mwakilishi wa kaizari, alikuwa amekataza. Hukumu ikatoka siku hiyohiyo. Hati aliyopelekewa Nestorius ilimwita "Yuda mpya".

Aliyemshtaki ndiye aliyeketi kiti cha mwenyekiti. Hata baraza la kata halikubali mshtaki awe hakimu.

Msoma Mababa

Ndugu, tarehe zako ziko sawa, ila umeacha vitu vitatu vinavyobadilisha uzito wa kesi.

Kwanza, Cyril hakufungua kikao kabla ya wakati. Zilikuwa zimepita siku 15 tangu tarehe iliyopangwa, maaskofu wanaugua kwa joto la Efeso, na wengine walikufa. Maaskofu wakuu wawili wa upande wa Yohane, wote wakiitwa Alexander, mmoja wa Apamea na mwingine wa Hierapolis, walifika mapema na ujumbe kwamba Yohane akizidi kuchelewa, kikao kiendelee.

Pili, Nestorius aliitwa mara tatu, kama kanuni zilivyotaka. Jibu lake lilikuwa kwamba atakuja maaskofu wote wakishakusanyika. Waliotumwa walikuta askari mlangoni na hawakuruhusiwa kumwona.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, huyu si mtu aliyekuwa mpole kwa wengine. Alisimikwa Aprili 428, na katika hotuba yake ya mwanzo akamwambia kaizari ampe nchi iliyosafishwa wazushi, naye atampa mbingu. Siku chache baadaye aliwaendea Waario, waliofundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe, kuwabomolea kanisa lao, wakalichoma wenyewe, na moto ukasambaa kwa majirani. Mwezi Mei 428 ikatoka sheria kali ya kaizari dhidi ya makundi mengi ya wazushi. Chombo alichohukumiwa nacho alikuwa amekinoa mwenyewe.

Mwanakanuni

La tatu linaeleza tabia yake. Halithibitishi kosa aliloshtakiwa, na hakimu makini angelitoa kwenye jalada.

Tuangalie kilichofanyika ndani ya kikao, maana kumbukumbu zipo. Ilisomwa Kanuni ya Imani ya Nikea iwe kipimo. Ikasomwa barua ya pili ya Cyril kwa Nestorius, ya Februari 430, na maaskofu mmojammoja wakasema inapatana na Nikea. Likasomwa jibu la Nestorius, wakasema halipatani. Hadi hapo utaratibu unaeleweka: maandishi mawili, kipimo kimoja, kura ya wazi.

Baada ya hapo ndipo panapoharibika. Ilisomwa barua ya Celestine, ambaye sinodi yake ya Roma ya Agosti 430 ilikuwa imempa Nestorius siku 10 za kukana tangu apokee taarifa. Kwa hiyo mbele ya Mtaguso iliwekwa hukumu iliyokwisha kutolewa kwingine, ilhali kaizari aliitisha kikao ili jambo liamuliwe upya. Ikasomwa pia barua ya tatu ya Cyril yenye laana 12, yaani kauli 12 za kumlaani anayefundisha kinyume chake. Laana hizo Celestine hakuwa ameagiza ziandikwe. Cyril alizitunga mwenyewe Novemba 430 na kumtaka mwenzake azitie saini. Kumbukumbu hazionyeshi zikipigiwa kura mojamoja kama barua ya pili, lakini zikaingia kwenye jalada, na baadaye watu wakazishika kama uamuzi wa Mtaguso. Kosa hilo la kiutaratibu ndilo lililozaa ugomvi wa miaka mingi.

Kisha wakaitwa mashahidi wawili, Theodotus wa Ancyra na Acacius wa Melitene, waliozungumza na Nestorius faraghani siku chache kabla. Wakaeleza alivyokataa kumwita Mungu mtoto wa miezi miwili au mitatu. Maneno ya faragha yakawa ushahidi, na aliyeyasema hayupo kuyafafanua.

Jambo jingine halikusomwa kabisa. Kulikuwa na watu wa Aleksandria waliofika Konstantinopoli kumlalamikia Cyril, na Nestorius alikuwa katika nafasi ya kusikiliza malalamiko yao. Mwaka 403 Theofilo, mjomba wake Cyril, alijikuta katika hali kama hiyo mbele ya Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli wa wakati huo: aliitwa ajibu mashtaka, akageuza kibao, akamwondoa aliyepaswa kumsikiliza. Cyril alikuwepo na mjomba wake. Ukiijua kesi ya 403, ya 431 huisomi kwa macho yaleyale.

Mtafsiri

Naongeza upande wa lugha, maana naona tunagombana juu ya maneno tuliyotafsiriwa.

"Uzushi" kwa Kiswahili una harufu ya uongo, mtu kazusha jambo. Neno la Kigiriki *hairesis* lilianza likiwa na maana ya uchaguzi, kisha kundi la wafuasi. Katika Matendo 5:17 Biblia yetu inalitafsiri "madhehebu" kwa Masadukayo, na katika 24:14 neno lilelile, Paulo akieleza wanavyoiita Njia yake, linakuwa "uzushi". Msomaji wetu akisikia Nestorius mzushi, anadhani alikuwa mwongo. Hilo hata Cyril hakudai.

La pili ni *Theotokos*. Sisi tumezoea "Mama wa Mungu" ya Salamu Maria. Lakini "mama" kwetu ni neno pana: mama mdogo ni mama, mama mlezi ni mama, mama mkwe naye ni mama. *Theotokos* haina upana huo. Ni "aliyemzaa Mungu", pamoja na mimba na uchungu wake wote. Nestorius alihofu kwamba Mungu anayezaliwa ataonekana kiumbe, na Waario watapata pa kushika. Akapendekeza *Christotokos*, "aliyemzaa Kristo". Cyril akajibu kwamba ukikataa neno hilo, umekata Kristo vipande viwili: mmoja wa Mungu, mwingine wa Maria.

La tatu ndilo gumu. Cyril alisema "asili moja ya Neno aliyefanyika mwili", na neno lake la asili, *physis*, lilikaribia tunachoita nafsi. Waantiokia walitumia *physis* kwa maana ya asili tu, umungu na ubinadamu. Kwa hiyo walisikia Cyril akichanganya viwili kama maziwa kwenye chai. Na msemo huo wenyewe Cyril aliupokea akidhani ni wa Athanasio, askofu wa Aleksandria aliyemtangulia, kumbe ulitoka kwa watu wa Apollinarius, aliyelaaniwa mwaka 381 kwa kufundisha kwamba Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu. Ndiyo maana Theodoret, askofu wa Cyrus wa upande wa Antiokia, aliziandikia laana 12 kitabu cha kuzipinga. Mshtaki naye alikuwa anashukiwa uzushi.

Mleta mada

Na dhahabu je? Ipo barua ya Epiphanius, shemasi mkuu wa Cyril, inayotaja zawadi kwa watu wa ikulu na deni la ratili 1,500 za dhahabu. Kwa ratili ya Kirumi hiyo ni karibu kilo 490.

Msoma Mababa

Barua ipo, siitetei, na ni doa kwa Kanisa la Aleksandria. Lakini iweke mahali pake. Yohane alifika tarehe 26 Juni, akawa na kikao chake cha maaskofu wapatao 43, akamwondoa Cyril na Memnon, askofu wa Efeso aliyekuwa upande wa Cyril. Kaizari akathibitisha kuondolewa kwa wote watatu na kuwaweka chini ya ulinzi. Barua hiyo ameandikiwa Maximian, aliyekalia kiti cha Nestorius Oktoba 431. Kwa hiyo inahusu kuishawishi ikulu baada ya Efeso. Haithibitishi kwamba kura za 22 Juni, ambazo saini zake zilifikia karibu 200, zilinunuliwa.

Halafu fundisho lenyewe. Nestorius alihubiri kwamba anatenga asili na kuunganisha ibada. Sasa niambieni, aliyesulubiwa ni nani? Kama jibu ni mwanadamu aliyeunganishwa na Neno, wokovu wetu umebebwa na nani? Cyril aliona swali hilo kabla ya wengi, na ubabe wake haulifuti.

Mwanakanuni

Swali ni zito, nakubali. Ila tazama mwaka 433, pande mbili zilipopatana. Yohane alikubali kulaaniwa kwa Nestorius. Cyril akakubali tamko la Waantiokia linalokiri muungano wa asili mbili na linalomwita Maria *Theotokos*. Laana 12 hazikutajwa. Nestorius, ambaye hata kabla ya Efeso alikuwa tayari kuliruhusu neno *Theotokos* likifafanuliwa, hakuulizwa kama angetia saini. Mwaka 435 kaizari akaamuru vitabu vyake vichomwe na wafuasi wake waitwe Wasimoni, kwa jina la Simoni Mchawi. Akaishia uhamishoni katika oasisi ya Misri.

Utetezi wake mrefu, uliobaki kwa Kisiria tu, ulichapishwa 1910. Sehemu ya mwanzo wataalamu kadhaa hawaioni kuwa ya mkono wake, kwa hiyo tuusome kwa tahadhari. Lakini humo anausifu msimamo wa Papa Leo kuhusu asili mbili za Kristo, uleule uliopokewa na Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451.

Tarehe 11 Novemba 1994 Papa Yohane Paulo II na Mar Dinkha IV, patriarki wa Kanisa la Ashuru la Mashariki, kanisa linalohusishwa na Nestorius, walitia saini tamko la pamoja. Jina la Nestorius halimo. Tamko linasema laana za zamani ziligusa watu na misemo, na kwamba mafarakano kwa sehemu kubwa yalitokana na kutoelewana. Waashuru wanaendelea kumwita Maria "Mama wa Kristo Mungu wetu na Mwokozi". Wakatoliki "Mama wa Mungu" na pia "Mama wa Kristo". Kila upande umekiri kwamba wa pili anasema sawa.

Msoma Mababa

Tamko hilo nalipokea lote. Ila limetiwa saini na watu wanaokiri Mwana mmoja, tena kwa maneno yaliyochujwa Kalkedonia. Mwaka 430 maneno hayo hayakuwepo, na nashikilia kwamba yasingepatikana kama Cyril angenyamaza.

Mwanakanuni

Angeweza kusema kwa sauti hiyohiyo, akamngoja Yohane siku nne zaidi.