Naomba ushauri: natafuta ukoo wa mume wangu, Harlan County, Kentucky

Habarini ndugu zangu, naomba msaada kwa mnaojua mambo ya kutafuta ukoo huku Marekani. Mume wangu ni Mmarekani mweusi, babu yake mzaa baba alichimba makaa ya mawe Lynch, Harlan County, kule milimani chini ya Black Mountain. Ule mji ulijengwa na kampuni tanzu ya U.S. Steel kuanzia 1917, nyumba za kampuni, duka la kampuni, na weusi wengi walichukuliwa toka Alabama kuja kuchimba. Kwenye sensa ya 1930 tumempata, kazi mgodini, kazaliwa Alabama, basi, kaunti gani haisemi na hapo ndo tumekwama. Naambiwa kadi za kujiandikisha jeshi za 1917 na 1918 zinaonyesha mwajiri, na cheti cha kifo kinaweza kuwa na majina ya wazazi, nianze na kipi? Na sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani, mnaunganishaje mtu mpaka hapo? Baba mkwe umri umeenda, anatamani mno kujua bibi yake aliitwa nani. Aliyewahi kufanya hii kazi naomba anielekeze tafadhali.