Mwenye akili ya kawaida anatoboa udaktari?

Njia Ndefu:
Wakuu, naombeni ushauri wa kweli, si wa kunipa moyo tu. Darasani mimi ni wa katikati. Wale vipanga wanaosikia kitu mara moja kikaganda, mimi simo. Baiolojia naipenda mpaka nasahau muda. Fizikia na kemia nazipata kwa jasho. Nataka kusoma udaktari, lakini mjomba ananiambia kule wanaingia vichwa tu, wengine wanadisko mwaka wa kwanza. Niendelee au nitafute kozi nyingine mapema?

Daktari wa Wodini:
Mdogo wangu, mimi ni daktari na nafundisha wanafunzi wakifika wodini. Unatoboa, ila si kwa usomaji wa sekondari.

Kinachoangusha watu mwanzoni ni wingi wa mambo kuliko ugumu wake. Mtu mzima ana mifupa 206, na juu yake kuna misuli, mishipa na neva, vyote vina majina. Ukichukua kimoja kimoja, unakielewa vizuri tu. Shida ni kwamba vinakuja kwa mkupuo, na kabla hujavimaliza vimeshaletwa vingine. Kipanga aliyezoea kupiga msuli usiku wa kuamkia mtihani anaweza kula sapu hapa, na nimewaona.

Chukua mtandao wa neva za mkono. Mizizi 5 inatoka kwenye uti wa mgongo, inaungana kuwa vigogo 3, vinagawanyika kuwa matawi 6, kisha yanaungana tena kuwa kamba 3, na mwisho zinatoka neva kubwa 5. Kitabuni unaona umeelewa. Ukipewa karatasi tupu, kalamu inagoma. Mimi nilikuwa nauchora bila kutazama, nalinganisha na kitabu, kesho yake nauchora tena, halafu naupa siku kadhaa na kuurudia. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walikuwa na mengi zaidi kichwani baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena. Leo akija mgonjwa ambaye kiganja kimeanguka na hawezi kukiinua, najua pa kuanzia: neva ya radiali, moja ya zile 5. Hilo limetokana na ile michoro.

Ila sitakudanganya, fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, haikaririki. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu. Usipoelewa hizo nyingine zinarudije kwenye damu, mgonjwa aliyeishiwa maji kwa kuharisha atakuchanganya. Ukipata kemia kwa jasho, si kitu, mradi unaipata. Kama hata ukielekezwa taratibu haingii kabisa, hapo mjomba asikilizwe.

Mama Zamu:
Naongeza moja. Huyu anajipima na darasa lake, na hatujui darasa lenyewe likoje. Wa katikati kati ya vipanga si sawa na wa katikati kwingine. Tena wapo wenye uwezo tele walioacha kwa sababu ya kukosa usingizi, ada, au msiba nyumbani. Akili si mlango pekee.

Daktari wa Wodini:
Kweli kabisa, dada. Na wodini mambo yanabadilika tena. Vali ya aota, mlango wa damu inayotoka kwenye moyo kwenda mwilini, ikisinyaa, sauti yake husikika juu ya kifua upande wa kulia na kupanda shingoni. Vali ya mitrali, mlango mwingine ndani ya moyo, ikivuja, sauti huelekea kwapani. Hakuna anayezaliwa na sikio la hayo. Anayeyajua ni yule anayebaki baada ya raundi, akaomba ruhusa kwa mgonjwa na kusikiliza kifua kingine, na kingine. Na anayekaa kitini kumsikiliza mgonjwa bila kumkatiza mara nyingi huutambua ugonjwa kabla ya vipimo.

Njia Ndefu:
Shukrani sana, daktari, na mama pia. Sasa nikisubiri kuomba nafasi, nianzie wapi?

Daktari wa Wodini:
Asidi na besi, halafu osmosisi, yaani maji yanavyopenya utando. Soma ukurasa, funga kitabu, mweleze mtu asiyesoma sayansi mpaka aelewe. Ukikwama katikati ya maelezo, rudi pale pale ulipokwamia, usianze sura nzima upya.