Maikrofishi zipo, mashine imekufa, faharasa haijulikani ilipo: hivi machapisho ya serikali tunayasomaje Uganda hii?

Wadau salaam. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Kuna wazee wa kule kwetu wanavutana na mpaka wa msitu wa hifadhi tangu enzi za baba zao. Sasa wameambiwa wahame, na kwa vile mimi niko Kampala wakanituma nikatafute ile Legal Notice, yaani tangazo la kisheria la serikali, ya wakati wa mkoloni iliyoweka huo mpaka. Order ya 1998 wanayo, ile Statutory Instrument namba 63 inayotangaza misitu ya hifadhi ya nchi nzima, ila wao wanataka kujua mpaka ulipita wapi pale mwanzoni, ulifuata mto gani, ulikata kilima gani. Hiyo sio siri ya jeshi jamani. Ni kitu serikali yenyewe ilikichapa Entebbe ikakitangaza kwenye gazeti lake rasmi ili watu wakijue!

Basi nikaenda maktaba moja kubwa hapa mjini, jina naliacha. Dada wa kaunta, mpole kabisa, akaniuliza, "Kaka, unataka mwaka gani na namba gani?" Nikamwambia dada yangu, hiyo namba ndiyo iliyonileta. Akanyamaza. Akasema kulikuwa na mzee mmoja alikuwa anazijua hizo za zamani zote kwa kichwa, unamtajia jambo tu anaenda moja kwa moja kwenye rafu, lakini alishastaafu na hakuna aliyeachiwa chochote kwa maandishi. Yaani faharasa ya machapisho ya nchi ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja na alipoondoka ikaondoka naye, na hakuna mkubwa yeyote aliyeona hilo ni tatizo!

Kwa ambaye hajawahi kuingia kwenye hii kazi, ngoja nieleze kwa nini bila faharasa umekwisha. Gazeti la serikali sio kitabu cha kufungua na kusoma. Lenyewe lina matangazo ya kawaida yenye namba zake, halafu linatoka na nyongeza, na kila aina ya nyongeza ina mfululizo wake wa namba, miswada kwake, sheria kwake, kanuni na amri za mawaziri kwake. Zikifika maktaba zikajalidiwa, nyongeza mara nyingi zinawekwa kwenye majuzuu yake peke yake, kwa hiyo unaweza kushika gazeti la mwaka unaoutaka kabisa na kitu chako kisiwemo, kiko juzuu lingine rafu nyingine. Faharasa ya mwaka ndiyo inakwambia jambo fulani liko namba fulani ukurasa fulani. Ukikosa hiyo ni kufunua karatasi moja moja, mwaka baada ya mwaka, na maktaba inafungwa jioni na nauli inakwisha.

Na hata ukiipata lazima ujue watu wa enzi hizo waliita vitu jina gani. Mfano West Nile. Ilikuwa wilaya moja, leo imekatwakatwa kuna Arua, kuna Nebbi, Koboko, Yumbe, Maracha na nyingine, sasa mtu wa Yumbe akitafuta Yumbe kama wilaya kwenye faharasa ya miaka ya 1950 haioni ng'o, inabidi atafute West Nile kwanza, halafu apite kwenye misitu, halafu kwenye jina la ordinance (sheria ya enzi za mkoloni) yenyewe, na asipopata huko ajaribu jina la mlima au la mto. Hii elimu nani anamfundisha mwananchi? Ukutani pale kuna tangazo la kuzima simu na lingine la kukataza chakula, la kueleza namna ya kutafuta hakuna.

Sasa njoo kwenye maikrofishi, hapo ndipo nilipochemka. Yule dada alinifungulia kabati la chuma, ndani kuna bahasha zimepangwa vizuri tu, na kila bahasha ina fishi, kile kijishiti cha plastiki cha ukubwa wa postikadi chenye picha ndogo ndogo za kurasa. Fishi ya kawaida ni milimita 105 kwa 148, na kurasa zikipunguzwa mara 24 inabeba kurasa 98, kwa hiyo droo moja ina kurasa maelfu kwa maelfu. Nikaona sawa, Mungu mkubwa. Nikauliza mashine ya kusomea iko wapi. Ipo kwenye kona imefunikwa kitambaa, taa yake imeungua, kioo cha kulalia fishi kimejaa mikwaruzo na lenzi imeota ukungu. Taa iliungua lini? Hakuna anayekumbuka. Iliombwa? Iliombwa. Ikaja? Haikuja.

Nikachukua fishi moja nikaisogeza dirishani kwenye mwanga. Ule mstari wa juu wenye jina na miaka unasomeka kwa macho, chini yake ni safu za vidoto vya kijivu, kila kidoto ni ukurasa mzima. Nikajaribu na kamera ya simu, inakuza kidogo halafu inafifia, nikaambulia kichwa cha habari na nusu ya mstari. Halafu nikagundua fishi zimepewa namba na ile ya mwisho kwenye seti, ambayo kwa mujibu wa bahasha ndiyo yenye faharasa, haimo. Hakuna karatasi inayoonyesha nani aliazima. Haimo tu.

Najua kuna mtu atakuja hapa aniambie mambo ya maikrofishi ni ya kizamani, zitupwe, kila kitu kiko kwenye intaneti. Ndugu yangu, kiko wapi? ULII, ile tovuti ya sheria za Uganda, nimepita, inasaidia sana kwa sheria na hukumu na nawashukuru, lakini nilichotumwa sijakikuta humo. Na usidharau fishi. Filamu ya madini ya fedha kwenye plastiki ya polyester ikitunzwa vizuri inakadiriwa kukaa miaka 500, haihitaji password wala leseni, inahitaji taa na lenzi basi. Inayooza ni ile ya zamani ya plastiki ya asetati ikikaa kwenye joto na unyevu, inaanza kutoa harufu ya siki na kujikunja, na ikifika hapo hairudi. Chumba nilichoingia mimi hakina feni, na dirisha lake linapigwa jua la mchana kutwa.

Halafu sheria sio kwamba hatuna. Mwaka 1958 ilitungwa sheria ya kuifanya Makerere maktaba ya amana, yaani ya kupelekewa nakala za vinavyochapishwa nchini, mwaka 1969 ikaja nyingine ya maktaba ya amana na kituo cha nyaraka, 2001 ikaja ya kumbukumbu na nyaraka za taifa, 2003 ya Maktaba ya Taifa. Katiba ya 1995 ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2005 ya kupata taarifa inampa ofisa siku 21 za kukujibu, tena inaitaka kila taasisi ya umma iandae mwongozo wa kueleza inashika kumbukumbu gani. Kukusanya tumetungia sheria mpaka basi. Sasa huo mwongozo wa kumwonyesha mwananchi kilichokusanywa, maktaba yangu imeuweka wapi niusome?

Mnajua nilisaidiwa na nini mwisho wa yote? Na Marekani. Library of Congress ya Washington ilitoa mwongozo wa machapisho rasmi ya Uganda kwa mada mwaka 1977, aliuandaa Beverly Ann Gray, na kabla yake mwaka 1963 Audrey Walker alikuwa ameshaorodhesha yale ya enzi za ukoloni. Hiyo kazi yao niliikuta mtandaoni nimekaa zangu Wandegeya na bando la jioni. Haikunipa mpaka wa msitu, ila ilinipa majina ya idara na ripoti zake za kila mwaka, nikajua angalau nitafute nini. Nawaheshimu hao akina mama kwa ile kazi, lakini roho inaniuma kwamba mtu wa Washington alikaa akaorodhesha karatasi zetu moja moja na sisi wenye karatasi tunashindwa kununua taa!

Na tusisahau hii kitu ina watu ndani yake. Mahakamani ukisema sikuijua sheria hausikilizwi, ikishatangazwa kwenye gazeti inahesabika umeijua. Sawa, nakubali. Lakini basi nionyesheni lilipo hilo tangazo! Wenye kumiliki ardhi kubwa wana mawakili wa kulipa mtu akae wiki nzima anafunua majuzuu, mzee wa kijijini ana mtoto mmoja wa kutuma na nauli ya kuchanga kwa jirani. Nilipompigia mzee kumwambia bado, alisema tu, "Mwanangu, si ulisema iko maktaba?" Ipo mzee. Ipo kweli.

Sitaki kusikia habari ya mradi mkubwa wa kudijitaizi wenye semina na fulana. Naomba vitu vidogo. Taa na lenzi za hizo mashine, leo. Orodha ya mkono tu ya majuzuu na fishi zilizopo na zinazokosekana, ipigwe picha ibandikwe mlangoni na iwekwe mtandaoni. Faharasa za mwaka za gazeti ziskaniwe kabla ya kitu kingine chochote, maana ukiwa na faharasa hata kama kitabu kiko mji mwingine unaweza kumtuma mtu na namba kamili mkononi. Na wazee waliostaafu waitwe walipwe posho wakae na vijana waandike wanachokijua wangali hai.

Kama kuna mdau anajua maktaba yoyote, Kampala, Entebbe, Gulu, hata ya kanisa au ya chuo, yenye Legal Notices za miaka ya 1940 na 1950 zikiwa na faharasa yake, au yenye mashine ya maikrofishi inayowaka, aandike hapa chini. Na uliyewahi kufanya kazi kwenye hizo maktaba, tuambie taa za hizo mashine zinaitwaje na zinauzwa wapi, niko tayari kupitisha kofia tununue wenyewe tuwapelekee.