Tupeane uzoefu: mbio gani za kimataifa zilikufanya ukeshe na simu mkononi?

Wakuu, habari za leo. Mpira una nyuzi zake nyingi, huu naomba tuwaachie wapenda riadha. Usihadithie matokeo tu, sema ulikuwa wapi na uliangaliaje.

Naanza mimi. Septemba 15, 2025, marathoni ya wanaume, Mashindano ya Dunia, Tokyo. Kwao ni saa moja na nusu asubuhi, huku Arusha saa saba na nusu usiku. Bando nilishanunua jioni, simu iko kwenye chaji, sauti nimezima watoto wasiamke. Kuanza tu, kuna aliyechomoka kabla ya mlio, wote wakarudishwa. Marathoni!

Nilitulia mpaka walipoingia uwanjani. Mbele yuko Amanal Petros wa Ujerumani, na Alphonce Simbu wetu anamfukuzia. Mita zinaisha, Simbu anasogea, anasogea. Mstarini Petros akajirusha, akaanguka. Wote wawili 2:09:48! Kusubiri ile picha ya mstari kulinitoa jasho. Simbu kashinda kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze 1983. Nilimwamsha mke wangu, nikamrudishia zile hatua za mwisho mpaka bando likakata. Shaba yake ya London 2017 niliisoma tu gazetini, hii nimeiona ikitokea.

Mdau wa Eldoret
Hongereni sana majirani, usiku ule hata sisi tulishangilia. Yangu ni Paris, Agosti 5, 2024, mita 5,000 za wanawake. Beatrice Chebet dhahabu, Faith Kipyegon fedha, nyumba nzima vifijo. Tukiwa bado tunapongezana, dada yangu akasoma kwenye simu kwamba Faith ameondolewa kwa kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia. Chai ikapoa mezani. Tuliipata ile klipu ya kusukumana, tukaicheza polepole, kila mtu akageuka hakimu. Shemeji alishikilia kwamba Gudaf ndiye aliyeanza kusukuma, mama akasema atanyamaza mpaka rufaa isikilizwe. Baadaye usiku huohuo fedha ikarudishwa, na mama, ambaye hulala mapema, alikuwa bado macho. Siku tano mbele Faith akachukua mita 1,500 kwa 3:51.29, dhahabu yake ya tatu mfululizo ya Olimpiki katika mbio hizo.

Mdau wa Moshi
Mimi sikukesha kwa mbio za moja kwa moja. Nilikuwa napekua video za zamani nikakutana na Christchurch, Februari 2, 1974, mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Jina la Filbert Bayi nalijua tangu utotoni, kukimbia kwake sikuwahi kukuona. Jamani, yule mtu aliongoza tangu mlio wa kwanza! Hakujificha nyuma ya mtu, aliwavuta wote mpaka mwisho. John Walker wa New Zealand alimkaribia kwenye mita za mwisho lakini hakumpata. 3:32.16, rekodi ya dunia, na Walker naye akawa chini ya rekodi ya zamani. Ndugu wa Eldoret, wa tatu ni Ben Jipcho wenu.

Nilimpelekea baba. Yeye alizisikia kwa redio tu enzi zile. Alishika simu kwa mikono miwili, akasogeza kiti karibu na dirisha, akaangalia bila kusema neno. Ilipoisha akaniambia, "Rudisha pale kengele inapolia." Sasa kila nikienda nyumbani ananiuliza kama nimepata nyingine.

Mwanzisha uzi
Mkuu wa Moshi, tuwekee hiyo video hapa, nami nina mzee wa kumwonyesha. Wengine endeleeni. Mashindano ya Dunia yajayo ni Beijing, Septemba 2027, na wao wametutangulia saa 5, kwa hiyo mbio zao za asubuhi zitatukuta tena usiku wa manane.