Mrejesho: niliyeuliza kama niache tamthilia ili nifaulu

Habari zenu wakuu. Mwanzoni mwa likizo niliomba ushauri hapa: mitihani iko mlangoni, nami nimezama kwenye tamthilia za Kikorea, je, niziache kabisa? Wengi mlisema niache. Mmoja wenu akasema nisiache, ila kabla ya kuangalia chochote nifunge daftari na kuandika ninachokumbuka. Nilimfuata huyo.

Siku ya kwanza niliumia. Mada ya moyo nilikuwa nimeisoma mara tatu, nikajiona nimeiva. Karatasi tupu ikanionyesha mengine: vyumba vinne nilichora sawasawa, lakini vali ya trikaspidi, kile kilango cha kupitishia damu, nikaiweka kushoto. Iko kulia! Nikarudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Sasa hata ukiniamsha usiku wa manane nakuchorea. Mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliandika kuhusu kusahau na kurudia tangu 1885, akijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Laiti ningejua mapema.

Tamthilia? Nyingi zina vipindi 16 vya saa moja hivi, kwa hiyo nilitazama kimoja kila jioni, baada ya karatasi. Kile cha mwisho nililia, sifichi.

Mitihani yenyewe bado. Kwenye majaribio ya baiolojia nimetoka 48 hadi 71. Hesabu ndiyo inanitesa, hasa uwezekano. Mwenye njia nzuri anielekeze. Na wewe uliyenishauri, asante sana, ubarikiwe.