Naombeni ushauri: gengi letu linataka kugoma Jumatatu, na mimi ndiye nimepewa barua nisaini wa kwanza

Mtu wa Mataruma:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mliowahi kufanya kazi reli.

Mimi ni fundi wa njia. Tunabadilisha mataruma yanayobeba reli, tunakaza bolti, tunashindilia kokoto. Hatujaajiriwa na shirika la reli moja kwa moja, tuko chini ya kampuni iliyopewa kazi ya matengenezo kwenye kipande kimoja cha Reli ya Kati. Jina la kampuni naomba nisilitaje. Mikataba yetu ni ya miaka miwili na wengi tuko mwaka wa pili.

Ovataimu hatulipwi. Tunaingia njiani usiku, Jumapili tunafanya kazi, sikukuu tunafanya, lakini slipi ya mshahara inakuja vilevile. Posho ya kambi imeandikwa kwenye mkataba, ila miezi miwili iliyopita imekuja nusu. Juu ya hayo tunataka nyongeza ya mshahara, maana bei ya unga na nauli ya kwenda nyumbani si zile za siku tuliyosaini.

Wenzangu wameamua Jumatatu asubuhi hakuna kushika sururu. Wameandika barua, na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kujieleza kwa wakubwa, wanataka jina langu liwe la kwanza. Sikatai kusimama na wenzangu. Ninachoogopa ni kufukuzwa mimi na wao warudi kazini, na nina watoto watatu wanaosoma. Chama cha wafanyakazi hatuna hapa kambini.

Nisaini?

Kijana wa Kaliua:

Saini mkuu. Mwajiri wa reli anasikia pale kazi inaposimama tu. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma zaidi ya miezi miwili, mkoloni akiwa bado yupo na polisi wake. Wangekaa kuogopa majina yao yasionekane, leo tungekuwa tunawakumbuka kwa lipi? Na 2014 wenzetu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, waligoma kudai mishahara iliyocheleweshwa, nchi nzima ikajua kwamba watu wanafanya kazi bila kulipwa.

Stesheni Masta Mstaafu:

Kijana wa Kaliua, mgomo wa 1960 unausema vizuri lakini umeacha jambo kubwa. Wale hawakuamka asubuhi wakatupa sururu. Walikuwa na chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU, katibu wake Kasanga Tumbo, chenye matawi kando ya reli. Aliyeko Tabora alijua wa Dar es Salaam ameamua nini. Ndiyo maana waliweza kukaa muda wote ule bila kuvunjika. Na ndiyo maana baada ya uhuru serikali ikatunga sheria ya 1962 ya kubana migomo, na 1964 vyama vyote vya wafanyakazi vikaunganishwa kuwa kimoja, NUTA. Serikali iliona nguvu ya chama, ikaamua nguvu ile isikae nje ya mkono wake.

Mtu wa Mataruma, kijana wangu, gengi moja la kambi moja halina nguvu hiyo. Wataletwa vibarua kutoka kijiji cha jirani kabla ya saa nne asubuhi.

Na kuna jambo nakuomba kama mzee wako. Lolote mtakaloamua, msiiache kazi ya njia ikiwa nusunusu. Kama mmelegeza bolti au mmetoa mataruma, malizeni, kagueni, muikabidhi njia kwa maandishi kwa stesheni ya karibu, na kama panahitaji treni ipite polepole mseme na muandikiwe. Dereva anayekuja usiku na mabehewa ya abiria hana ugomvi na nyie. Wala asitokee mtu wa kuweka jiwe au gogo relini. Hilo si mgomo tena, ni jinai, na watakaoumia ni watu wenye njaa kama yenu.

Katibu wa Tawi:

Mimi ni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, sekta ya usafirishaji. Ndugu, barua hiyo usiisaini kama ilivyo, na sababu si woga. Mmechanganya madai ya aina mbili ambazo sheria inazitenga kabisa.

Ovataimu na posho ni haki yenu tayari. Ovataimu iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa, siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Posho iko kwenye mkataba. Huo ni mgogoro wa haki. Sheria hairuhusu kugomea mgogoro wa haki, unaupeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mkigoma kwa ajili ya deni hilo, mwajiri ambaye leo ndiye mvunja sheria atageuka kuwa mlalamikaji, atakimbilia Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kuomba zuio. Mtakuwa mmempa silaha ambayo hakuwa nayo.

Nyongeza ya mshahara ni mgogoro wa maslahi. Hapo mgomo unaruhusiwa, ila una ngazi zake. Mgogoro unafikishwa CMA kwa usuluhishi. Siku 30 zikipita bila mwafaka, chama kinapiga kura kwa mujibu wa katiba yake, na wengi wa waliopiga wakikubali, mwajiri anapewa taarifa ya saa 48. Mkipita ngazi zote hizo, hamfukuziki kwa sababu ya kugoma, na mwajiri haruhusiwi kuleta watu wa kufanya kazi yenu. Hao vibarua anaowasema mzee hapo juu, sheria inawazuia kwenye mgomo halali. Kwenye mgomo wa Jumatatu hawazuiliki.

Reli haimo kwenye orodha ya huduma muhimu iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe, tofauti na maji, umeme, hospitali, zimamoto na uongozaji wa ndege. Lakini kuna kamati yenye mamlaka ya kuongeza huduma nyingine, kwa hiyo mwanasheria wa chama ahakikishe hilo kwa kazi yenu kabla hamjafika kwenye kura.

Asiyekubali:

Chama, chama, chama. Sisi tunakatwa ada ya chama kila mwezi na kiongozi tunamwona Mei Mosi akigawa fulana. Tulipopunguzwa kazini alikuja kutusomea barua ya mwajiri. Mtu wa Mataruma, usidhani ukijiunga matatizo yamekwisha.

Katibu wa Tawi:

Asiyekubali, hilo lipo na linaniuma, kwa sababu linaua imani ya watu. Lakini tazama na upande huu: chama kikishatambuliwa kuwa ndicho kinachojadiliana na mwajiri, kinaweza kuingia makubaliano ambayo hata asiye mwanachama anakatwa ada ya uwakala. Utakatwa na kura huna. Kiongozi wa fulana anaondolewa na watu walioingia ukumbini wakapiga kura, na uchaguzi wa tawi wengi wenu hamji.

Mama wa Tiketi:

Mimi niko stesheni, si njiani, ila naomba niseme kuhusu hao watoto watatu. Hata mgomo uwe halali namna gani, siku usizofanya kazi mwajiri halazimiki kukulipa. Hilo lizungumzwe wazi kambini kabla ya mtu kunyoosha mkono. Nani ana akiba? Nani anadaiwa dukani? Watu wakishakubaliana jinsi ya kusaidiana chakula, wanavumilia. Wasipokubaliana, siku ya nne wanaanza kurudi mmoja mmoja kimyakimya, na anayebaki nje ni yule aliyesaini wa kwanza.

Kijana wa Kaliua:

Bado naona CMA ni kuwachosha watu. Anayechelewesha ni mwajiri, anayeambiwa asubiri ni mfanyakazi. Hilo si haki na sitaacha kulisema. Ila la deni na nyongeza kutenganishwa nimelielewa.

Mtu wa Mataruma:

Wakuu, nimesoma yote, na jioni hii nimewasomea wenzangu kwa sauti, maneno ya Katibu na ya Mzee. Kulikuwa na kelele. Wawili wanasema nimenunuliwa, na imeniuma. Lakini wengi wamekubali Jumatatu tuingie kazini huku tukidai.

Nauliza mawili. Tuko chini ya ishirini, tunaweza kuwa na chama? Na mkataba wangu ukiisha wakakataa kuuongeza kwa sababu hii, nina pa kusemea?

Katibu wa Tawi:

Ishirini ni idadi ya kuanzisha chama kipya. Kujiunga na kilichopo hata mmoja anaruhusiwa. TRAWU ni chama cha wafanyakazi wa reli, anzeni kuuliza huko kama kinawapokea wa makandarasi. Mnajaza fomu ya TUF 6 ya kukubali makato, mwajiri anapelekewa. Wanachama wakiwa zaidi ya nusu ya wafanyakazi, chama kinaomba kutambuliwa, na mwajiri akikwepa, hilo nalo linakwenda CMA. Mkifika mezani, atasema hana pesa. Sheria inamtaka atoe taarifa zinazohusika na majadiliano, kwa hiyo akisema hana, aonyeshe.

Kuhusu mkataba: kama una sababu za msingi za kutarajia kuongezewa, mfano wenzako wote huongezewa na wewe hujawahi kupewa onyo, kukunyima kunaweza kuhesabika kama kukuachisha kazi. Tunza kila karatasi. Na kumwachisha mtu kwa sababu amejiunga na chama ni kosa la mwajiri moja kwa moja.

Stesheni Masta Mstaafu:

Daftari la gengi linaandikwa na nani? Saa za kuingia njiani na kutoka zimo mle, na stesheni nayo ina rekodi ya muda njia ilipofungwa kwa treni na ilipofunguliwa tena. Andikeni kwenu pia, kila mtu na siku zake, msingoje ya ofisini.

Mtu wa Mataruma:

Daftari analo mnyapara wetu, naye pia hajalipwa. Kesho tunakaa naye. Barua mpya ya deni itakuwa na majina yote, yamepangwa kwa alfabeti.

Katibu wa Tawi:

Safi. Ila msijisahau kwenye tarehe. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, kwa fomu namba 1. Umesema posho ilianza kuja nusu miezi miwili iliyopita, kwa hiyo ile ya kwanza inaweza kuwa ukingoni. Mkichelewa mtaanza kwa kuomba kusamehewa kuchelewa, na mwajiri atapinga hapohapo. Mpeni siku chache za kujibu barua. Akinyamaza, Ijumaa mtu mmoja apewe nauli aende mjini na fomu.