Daraja za vivumishi katika Kiesperanto: "varmega", "tre varma" na "tro varma"

Mwanagenzi
Ndugu zangu wapenda lugha, ninajifunza Kiesperanto, ile lugha ya kuundwa, na ninakwama kwenye vivumishi. "Varma" ni -enye joto. Lakini ninakutana pia na "tre varma", "varmega" na "tro varma", na kila ninapotafsiri ninaishia kwenye "sana" au "mno". Je, maana zake zinatofautiana kweli?

Msarufi
Zinatofautiana, ndugu. Neno "tre" ni kielezi kama "sana" yetu, ila hutangulia kivumishi badala ya kukifuata. Kiambishi "-eg-", kwa upande wake, huingia ndani ya neno na kuunda kivumishi kipya chenye sifa iliyokolea, ilhali "-et-" huipunguza makali. Ukiongeza kiambishi awali "mal-", kinachogeuza maana kuwa kinyume chake, mzizi mmoja unakupa ngazi nzima: maji ya baridi kali ni "malvarmega", ya baridi ni "malvarma", yenye ubaridi kidogo ni "malvarmeta", ya vuguvugu ni "varmeta", yenye joto ni "varma", na ya moto ni "varmega". Zamenhof, aliyechapisha lugha hii mwaka 1887, alikusudia viambishi vimpunguzie mwanafunzi mzigo wa kukariri maneno, na sioni mahali ambapo kusudio hilo linaonekana vizuri kuliko hapa.

Mpenzi wa Lugha Undwa
Ninaongezea kuhusu ulinganishi. Volapük, lugha nyingine ya kuundwa iliyotangulia Kiesperanto kwa miaka michache, ilitumia viishio: "gudik" ni -zuri, "gudikum" -zuri zaidi, "gudikün" -zuri kupita zote. Kiesperanto kilichagua maneno yanayojitegemea, "pli" (zaidi) na "plej" (kupita zote), pamoja na "malpli" na "malplej" kwa upande wa upungufu. Sisi tunapaswa kuwa waangalifu, kwa sababu "kuliko" yetu hufanya kazi zote mbili: "mrefu kuliko mimi" ni "pli alta ol mi", lakini "mrefu kuliko wote" kwa kawaida ni "la plej alta el ĉiuj". Anayesema "pli alta ol ĉiuj" anamlinganisha mtu na kundi ambalo yeye mwenyewe yumo; angalau aongeze "aliaj", yaani "wengine".

Msarufi
Ahsante kwa nyongeza hiyo. Kwa maoni yangu, hata hivyo, mtego mkubwa zaidi kwetu ni "tro". Neno "mno" hubeba maana mbili, kwa kuwa tunaweza kusema "nzuri mno" kwa kusifu tu, bila kudai kwamba uzuri huo umepita kiasi. "Tro" husema kwamba kiasi kinachofaa kimepitwa. Ukimwambia mtu "vi estas tro bela", umemwambia kwamba uzuri wake umezidi kiwango kinachostahili. Sifa uliyokusudia ni "tre bela" au "belega".

Mwanagenzi
Nimeelewa, na ninawashukuru. Je, ninaweza kuandika "La akvo estas varmega, sed ne tro varma por mi", yaani "Maji ni ya moto, lakini joto lake halijapita kiasi kwangu", au sentensi hiyo inajipinga?

Msarufi
Haijipingi hata kidogo. "Varmega" inaeleza hali ya maji yenyewe, na "tro" inayapima kwa mahitaji yako. Maji yanaweza kuwa ya moto kabisa na bado yakakufaa.